Maji ya Samaki Yakigeuka Kijani

Ndugu msomaji, ukisimama kando ya ziwa letu, Kibirizi au Katonga, utaona mawe ndani ya maji yana utelezi wa kijani. Utelezi huo ni mwani. Ziwani mwani si adui, ni chakula. Wako samaki wadogo ambao kazi yao kutwa ni kukwangua mwani kwenye mawe. Lakini mwani huo huo ukizidi ndani ya tangi la kioo au la saruji, samaki wanakufa. Leo tutaeleza kwa nini, na namna ya kupima maji kabla ya hasara.

SAMAKI WA MAPAMBO

Ziwa Tanganyika lina samaki wa jamaa moja na perege na kuhe, aina zaidi ya 200. Karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Wengi ni wadogo, wana rangi nzuri, na wanaishi penye mawe. Watu wa Ujerumani, Japani na Marekani wanawafuga nyumbani, kwa kuwatazama tu, si kwa kula. Wapo watu wa Kigoma wanaojua kuzamia na kuwakamata. Kazi hii inataka leseni; muulize Ofisa Uvuvi.

Samaki akishakamatwa, hukaa tangini akingoja safari. Hapo ndipo hasara huingia. Tena si hasara ya fedha tu. Aina nyingine huishi katika kipande kimoja tu cha pwani. Wakifa tangini, mtu anarudi kuchukua wengine pale pale. Mwisho mawe yanabaki matupu.

MWANI UNATOKA WAPI?

Mwani unakua kama mahindi yanavyokua: unataka mwanga na mbolea. Mwanga ni jua la dirishani. Mbolea ni kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki kikaoza.

Mchana mwani unatoa oksijeni, yaani hewa ya kuvuta. Usiku hautoi. Unavuta ile ile ya samaki. Ndiyo maana mtu kalala samaki wazima, kaamka alfajiri anawakuta wanaelea. Anasema karogwa. Kumbe samaki wamekosa pumzi.

TUTIE CHUMVI?

Hapana. Wengine husema samaki hawa wanataka chumvi kama wa baharini. Hata mtaalamu mmoja Mwingereza, J.E.S. Moore, aliandika kitabu mwaka 1903 akidai kwamba zamani ziwa hili liliungana na bahari. Aliona lina konyeza, kiumbe laini mfano wa mwavuli, ambaye kwa kawaida ni wa baharini. Wataalamu wa baadaye hawakukubaliana naye. Ziwa letu ni la maji baridi, ila lina madini yake, mfano wa magadi kidogo. Basi usitie chumvi ya Uvinza tangini. Tumia maji ya ziwa lenyewe. Ukitumia ya bomba yaliyotiwa klorini, yaache kwanza siku nzima katika chombo kilicho wazi.

KUPIMA MAJI

Vipo vipimo visivyo na gharama. Teka maji katika kikombe cheupe: je, yana rangi ya kijani? Amka alfajiri: je, samaki wanatweta juu ya maji? Ukiona hivyo, hatari imefika.

Vipo pia vipimo vya dawa. Unatia matone katika maji kidogo, rangi inageuka, unailinganisha na kadi yake. Viwili ni vya lazima.

Cha kwanza ni pH. Maji ya kati yana 7. Ndimu ni kali, iko chini ya 7. Maji ya majivu yako juu ya 7. Maji ya Ziwa Tanganyika hukaribia 9. Pima asubuhi na jioni. Jioni ikipanda sana kuliko asubuhi, jua mwani umezidi.

Cha pili ni amonia, sumu inayotoka katika kinyesi na uozo. Hapa tuangalie sana. Maji yakiwa na pH 7, katika sehemu 100 za amonia haifiki hata 1 iliyo sumu kali. Yakiwa na pH 9, sehemu kama 36 ni sumu kali. Kwa hiyo uchafu ambao samaki wa mahali pengine huuvumilia, samaki wetu unawaua.

TUFANYE NINI?

1. Ondoa tangi juani, au lifunike upande wa jua.
2. Lisha kidogo: kile wanachokimaliza kwa dakika chache tu.
3. Kila juma badilisha robo ya maji, ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira.
4. Kwangua mwani kwenye kioo, uutoe nje. Usiuue wote mara moja kwa dawa. Ukioza majini utamaliza oksijeni.
5. Usioshe mchanga wa tangi kwa sabuni. Una vijidudu vizuri vinavyopunguza amonia. Tangi jipya huchukua kama majuma 4 hadi 6 kupata vijidudu vya kutosha. Usijaze samaki siku ya kwanza.
6. Amonia ikionekana, acha kulisha na badilisha sehemu ya maji siku ile ile.

Ndugu msomaji, tangi ni ziwa dogo. Kinachoharibu tangi kwa juma moja, yaani uchafu na uozo, kinaweza kuharibu ufuko wetu pole pole. Tangi unaweza kulimwaga ukaanza upya. Ziwa haliwezekani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini samaki hufa alfajiri, si mchana?
2. Kwa nini amonia ni hatari zaidi katika maji ya ziwa letu?
3. Ni uchafu gani wa mtaani kwetu unaoishia ziwani?