Nyumba ya Mbezi: Pima barabara kabla ya kuhesabu vyumba

MKULIMA akiuza mpunga wake kwa bei nzuri, au mwenye duka akikusanya faida ya miaka kadhaa, ndoto inayofuata mara nyingi ni nyumba ya familia pembezoni mwa jiji. Kwa Dar es Salaam, wengi huelekeza macho Kimara, Mbezi na Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro.

Nyumba inayotafutwa huko inafahamika: vyumba vitatu, kimoja kikiwa na choo na bafu ndani, sebule, jiko na stoo. Uwanja ukiwa mkubwa huwepo kisima, banda la kuku na fremu mbili za duka zinazotazama barabara. Dalali husifia fremu hizo kuliko kitu kingine, kwa kuwa mpangaji wa duka huleta kodi.

Hata hivyo, kuwa karibu na barabara ndiko kulikowaliza wengi. Mwaka 2017 nyumba na maduka kati ya Kimara na Kiluvya yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara hiyo. Serikali ilieleza kuwa hifadhi ya barabara hapo ni mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Vigae na dari ya kupendeza havikusaidia kitu.

Upana huo haulingani kila mahali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka mita 30 kila upande kwa barabara kuu za kawaida. Mnunuzi anayeshika kipimo kimoja na kukitumia kila mahali anaweza kupotea. Jibu sahihi hutolewa na wakala wa barabara husika, si dalali wala jirani.

Mto nao una mpaka wake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi, familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Kiwanja cha bondeni kikiuzwa kwa bei ya kutupa, sababu ipo.

Baada ya eneo, zifuatwe karatasi. Kama nyumba ina hati miliki, nakala yake ipelekwe kwa Msajili wa Hati kwa upekuzi. Hapo ndipo hujulikana jina la mmiliki, miaka iliyobaki, na kama benki imeiwekea rehani. Mhuri wa ofisi ya mtaa unasaidia kuwajua majirani na mipaka, lakini hauhamishi umiliki wa nyumba yenye hati. Uhamisho lazima usajiliwe.

Jambo jingine ni mwenzi wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji anayesema mama watoto yuko safarini na fedha zinahitajika leo, asubiriwe mpaka mama arudi na kutia saini.

Malipo yapite benki, mkataba uandikwe na mwanasheria. Gharama ya kazi hizo ni ndogo ikilinganishwa na mavuno ya miaka kumi yaliyowekwa ndani ya kuta zisizo na kibali cha kusimama.