Fundi wa kibarazani na mshona zipu

Vijana wanaomaliza shule huambiwa watafute kazi wanayoipenda. Ushauri huo unapendeza masikioni, ila umejengwa juu ya dhana kwamba raha ya kazi imo katika jina lake: udaktari una yake, ualimu una yake, na ushonaji una yake, kama utamu ulivyo ndani ya muwa. Sikubaliani nao. Mtu huridhika na kazi pale anapokuwa na kauli katika namna ya kuifanya, na pale anapoiona imefika mwisho wake. Kazi moja ile ile inaweza kuwa na mambo hayo mawili au ikayakosa yote, na hakuna inayoonyesha hivyo vizuri kuliko kazi ya cherehani.

Mtazame kwanza fundi wa kibarazani, awe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Mwembe Tayari mjini Mombasa. Mteja analeta kitambaa. Fundi anazungusha futi kamba kifuani, anashuka kiunoni, anapima mkono, anaandika vipimo kwenye daftari lililochakaa. Anakitandaza kitambaa mezani, anachora kwa chaki, kisha anasita kidogo kabla ya kushika mkasi, maana ukishapita umepita. Kama kitambaa ni pungufu, yeye ndiye anayeamua pindo lipungue au mshono uhamie pembeni. Mteja akija kujaribu, fundi anabana hapa, analegeza pale, anapiga pasi, anakabidhi. Sikukuu ikifika gauni linapita mtaani, naye anajua ni la nani na lilimsumbua wapi. (Kwamba aliahidi Jumatatu akalitoa Alhamisi usiku, hiyo ni makala nyingine.)

Sasa nenda kwenye viwanda vya nguo za kuuza nje, kama vile vya Athi River nje ya Nairobi, vilivyopata nguvu baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka 2000 na kuziondolea ushuru nguo za nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Mashine zimepangwa mistari. Mmoja anashona mfuko, wa pili zipu, wa tatu vitanzi vya mkanda, na kila mmoja ana lengo la saa ambalo msimamizi hupita akilihesabu. Kwa vifaa, mshona zipu amemwacha fundi mbali: mashine yake ni ya umeme na ina kasi. Mkono wake nao huenda ni mwepesi zaidi. Lakini suruali si yake. Ilikatwa na wengine, itamalizwa na wengine, na atakayeivaa hatamwona kamwe.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1776 mwanauchumi Adam Smith, kitabuni mwake, alisifu karakana ya pini ambamo watu 10, kwa kugawana hatua ndogo ndogo, waliweza kutoa pini 48,000 kwa siku. Wanaomnukuu huishia hapo. Mbele zaidi katika kitabu hicho hicho alionya kwamba mtu anayemaliza umri wake katika vitendo vichache rahisi huzoea kutotumia akili yake. Miaka 200 baadaye, mwaka 1976, Richard Hackman na Greg Oldham walichapisha utafiti wao kuhusu kinachompa mfanyakazi ari ya kazi yake, na miongoni mwa mambo waliyoyataja ni kuishika kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho, uhuru wa kuamua, na kuona matokeo. Cheo hakimo.

Atasema mtu: hayo ni maneno ya walioshiba. Mshona zipu ana mshahara wa mwezi na anakatiwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wakati fundi anategemea Idi, Krismasi na shule kufunguliwa, na mitumba imemnyang'anya wateja waliobaki. Hoja hii ni nzito, na siikwepi. Anayekiacha kibaraza akaenda kiwandani ili alipe karo hajakosea hata kidogo, na mwajiri anayehubiri kuridhika ili apunguze malipo ni wa kuogopwa. Lakini kuchagua mshahara si kusema kwamba mengine hayana uzito. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, karibu na Vienna, kilipofungwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, watafiti wakiongozwa na Marie Jahoda na Paul Lazarsfeld walikuta watu wenye muda tele wakiazima vitabu vichache kuliko walipokuwa kazini. Hata kazi ya kiwandani, basi, ilikuwa ikiwapa kitu zaidi ya fedha. Ndiyo sababu inafaa kuuliza ingeweza kuwapa nini zaidi.

Wengine hujibu kwamba kuridhika kutafutwe nje ya saa za kazi. Mwandishi Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926, na si forodha iliyomfanya akumbukwe. Sawa, ila alikuwa na nguvu iliyobaki ya kushika kalamu. Anayetoka kwenye ovataimu na kuingia kwenye foleni ya matatu habaki na nyingi.

Hoja iliyo ngumu zaidi ni ya mwenye kiwanda: mstari ukivunjwa, bei inapanda, na oda inakwenda Bangladesh. Lakini si lazima uvunjwe. Toyota ilijengwa juu ya mstari, na humo mfanyakazi akiona kasoro anaruhusiwa kuomba kazi isimame mpaka irekebishwe. Mshona zipu anayepokea kipande kilichokatwa kombo angeweza kupewa ruhusa hiyo, na akahamishwa mifukoni, kisha vitanzini, mpaka aijue suruali nzima. Dakika chache zitapotea kila anapohama, na mshahara wake usikatwe kwa ajili hiyo. Nyingine zitaokolewa kwenye meza ya ukaguzi, ambako leo kipande kile cha kombo hurudishwa kikiwa kimeshashonwa na watu sita.