Jua la Aprili Lisikupotoshe: Kuandaa Bustani ya Mboga Minnesota

Aprili hapa Minneapolis na St. Paul huwa na siku mbili tatu za jua zinazomwamsha kila aliyekulia shambani. Theluji imeondoka, watoto wako nje na baiskeli, na mtu anatafuta jembe lilipowekwa. Bustani nyingi za watu wetu huharibikia hapo, kabla hata ya mbegu ya kwanza kuota.

Wengi wetu tumelelewa kusubiri mvua. Mvua za kwanza zikinyesha, iwe Morogoro, Kisii au Bukavu, mbegu inaingia ardhini, maana joto lipo na kilichokuwa kinasubiriwa ni maji. Hapa mambo yamegeuka. Maji ya theluji yamejaa ardhini tele, kinachosubiriwa ni joto, na joto lenyewe ni la udongo. Mchana mmoja wa Aprili hewa inaweza kufika nyuzi 70 za Farenhaiti, ukavua koti, kumbe inchi nne chini ya miguu yako udongo bado uko kwenye nyuzi 40 na kitu. Mbegu ya mchicha ukiizika humo inakaa kimya, inalowa, inaoza. Isitoshe, majira yenyewe hayajatulia: mwaka 2018, kati ya tarehe 13 na 15 Aprili, majiji haya yalifunikwa na theluji ya zaidi ya futi moja.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kununua ni kipimajoto cha udongo, kabla ya reki na kabla ya mbolea. Hata kile cha jikoni cha kupimia nyama kinafaa, mradi kinasoma nyuzi za chini. Kichomeke inchi mbili hadi nne, asubuhi, siku kadhaa mfululizo, uone udongo umesimama wapi. Ukifika nyuzi 40 na kuendelea (kama 5 za Selsiasi), njegere na spinachi zinaweza kupandwa. Maharagwe yanataka 60. Mchicha, kunde na bamia zinataka 65 au zaidi, yaani kama nyuzi 18 za Selsiasi, na kiwango hicho kwa kawaida hakipatikani hapa mpaka mwishoni mwa Mei.

Ile ramani ya kanda za baridi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyotolewa upya mwaka 2023 na kuiweka Minneapolis katika kanda ya 5a, wengi huiuliza. Ni ramani nzuri kwa anayepanda mti wa tufaha au mmea mwingine wa kukaa miaka mingi, kwa sababu inaonyesha makali ya baridi ya Januari. Kwa mboga za msimu mmoja haikusaidii. Unachohitaji kukijua ni jalidi, ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani. Ya mwisho kwa kawaida huanguka mwishoni mwa Aprili au katika nusu ya kwanza ya Mei, kisha hurudi tena mwanzoni au katikati ya Oktoba. Katikati ya hapo una miezi mitano hivi, na siku za Juni zina mwanga wa zaidi ya saa 15. Mboga ya majani ikipata mwanga wa namna hiyo juu ya udongo uliokwisha kupata joto, inakimbia kuliko ulivyoizoea nyumbani.

Sasa udongo wenyewe. Usiingie na jembe ukiwa bado umelowa. Chota konzi moja kutoka inchi nne chini, uifinye kwa nguvu, halafu ufungue kiganja na kuusukuma ule udongo kwa kidole gumba. Ukibaki donge linalong'aa lenye alama za vidole vyako, rudi ndani. Ukivunjika ukawa chembechembe, anza kazi. Udongo wa mfinyanzi uliolimwa ukiwa umelowa hushikana, ukikauka unakuwa matofali, mizizi haipenyi na maji hayapenyi, na madhara hayo yanaweza kukaa msimu mzima. Hata kuukanyaga tu unaubana, kwa hiyo acha njia kati ya matuta na upite humo.

Wakati unasubiri ukauke, usaidie kupata joto. Kama uliweka matandazo ya majani au nyasi kavu wakati wa vuli, yasogeze pembeni ili jua lifike kwenye udongo, utayarudisha Juni. Tuta lililoinuliwa hupata joto mapema kuliko ardhi tambarare, na plastiki nyeusi ikitandazwa kwa wiki chache inaongeza. Changanya mboji iliyoiva, inchi moja au mbili. Samadi mbichi usiiweke masika: kanuni ya kilimo hai nchini Marekani inataka zipite siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno ya mboga inayogusa udongo, na siku hizo zitakumalizia msimu wote.

Kuna jambo moja naomba kila mwenye watoto wadogo alisome mara mbili. Nyumba nyingi za zamani za majiji haya zilipakwa rangi yenye madini ya risasi, kabla ya rangi hiyo kupigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Rangi ile imebanduka miaka na miaka, ikaanguka kwenye udongo ulio chini ya ukuta. Barabarani nako petroli yenye risasi iliacha mabaki yake. Risasi haiozi, na huwadhuru zaidi watoto, kwenye ubongo. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima udongo wa bustani kwa ada, na kipimo cha risasi unakiomba pamoja na kile cha rutuba na uchachu. Peleka sampuli mapema masika, kabla foleni haijawa ndefu. Huku unasubiri majibu, usipange matuta ya mboga za majani kwenye ukuta wa nyumba ya zamani wala ukingoni mwa njia inayomwagiwa chumvi wakati wa baridi. Majibu yakiwa mabaya, tengeneza boksi la mbao, ujaze udongo ulionunuliwa, ulime humo. Mboga zote zioshwe vizuri, za mizizi zimenywe.

Mboga zetu zinagawanyika makundi mawili, na ukishajua hilo kalenda inajipanga yenyewe. Sukuma wiki ni ya kundi la wavumilivu. Miche yake, ikishazoeshwa hewa ya nje, huhimili jalidi nyepesi, hivyo unaweza kuihamishia bustanini mwishoni mwa Aprili, na vuli inaendelea kuchumwa wakati nyanya zimeshakufa; baridi huzidisha utamu wa majani yake. Kundi la pili, la nyanya, pilipili, mnavu, bilinganya na nyanya chungu, linaanzia ndani ya nyumba na halitoki mpaka usiku uwe na joto. Pilipili huanza katikati ya Machi, nyanya mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili. Mnavu una mbegu ndogo na huanza polepole, uende na nyanya. Usichume ule unaojiotea kando ya njia ukidhani ndio wa nyumbani.

Miche ya ndani hufa kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni mwanga: dirisha la Machi halitoshi, mche unarefuka kama uzi na kulala. Weka taa ya LED inchi chache juu yake, saa 14 hadi 16 kwa siku, na uipandishe kadiri mche unavyokua. Ya pili ni kinyausi, ule ugonjwa wa shina kunywea usawa wa udongo, mche ukaanguka usiku mmoja. Unaletwa na ukungu unaopenda maji mengi na hewa iliyosimama. Tumia udongo mpya wa kuoteshea, trei safi, mwagilia kutoka chini, washa feni ndogo.

Kisha miche izoeshwe. Itoe nje saa moja mahali penye kivuli pasipo upepo, irudishe ndani, kesho ongeza muda, mpaka baada ya siku saba hadi kumi iweze kulala nje. Aliyeiruka hatua hii ataona majani yakigeuka meupe kwa jua la siku moja.

Matembele yanawezekana, na nasikitika kuona wachache wanajaribu. Mwanzoni mwa Aprili laza kiazi kitamu kwenye udongo wenye unyevu, mahali penye joto ndani ya nyumba. Chagua kilicholimwa bila kemikali, maana vingine hutiwa dawa ya kuzuia visichipue. Vichipukizi vyake ndivyo utakavyopanda mwanzoni mwa Juni. Kisamvu, au sombe, hakina njia: muhogo unataka miezi mingi ya joto kuliko tuliyo nayo. Mbaazi nazo husubiri siku fupi ndipo zitoe maua, na siku hizo huja pamoja na jalidi.

Mbegu za kutoka nyumbani nazo zina sheria. Kuziingiza Marekani kunahitaji cheti cha afya ya mimea cha nchi zilikotoka, na lazima uzitaje forodhani. Bila hivyo zitachukuliwa. Kwa jamii ya mchicha uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu mmoja wao, Amaranthus palmeri, ni gugu baya la mashambani lililogunduliwa Minnesota mwaka 2016 na linalotakiwa kung'olewa kisheria. Mbegu za mchicha wa kula na za sukuma wiki zinauzwa hapa hapa. Familia inayopata msaada wa chakula wa SNAP inaruhusiwa kununua kwa kadi hiyo mbegu na miche ya chakula.

Kabla hujapanda, fikiria sungura. Wa mjini hapa hawaogopi mtu, na sukuma changa wanaimaliza kwa usiku mmoja. Wavu wa kuku wa futi mbili kwenda juu, ukingo wake umefukiwa inchi chache, unawazuia. Ukitaka kuchimbia nguzo za uzio, piga simu 811 kwanza waje waweke alama za mabomba na nyaya, ni bure.

Wiki ya mwisho ya Mei, kipimajoto kikisoma 65 asubuhi kadhaa, panda mchicha: mbegu juu juu, robo inchi tu, uzigandamize kwa kiganja. Weka shuka kuukuu karibu kwa usiku mmoja mmoja wa baridi. Mavuno ya kwanza yatakuwa tayari kabla ya Julai. Kata, using'oe, uache vifundo viwili vitatu vichipue tena, na upande mstari mwingine kila baada ya wiki mbili hadi mwanzo wa Agosti.