Mtetemo wa Santuri na Bei ya Kuuzuia

Kazi ya sindano ya santuri ni kuhisi mtikisiko na kuugeuza umeme, hata ule usiofika sehemu ya elfu moja ya milimita; na kwa kuwa haiwezi kupambanua mtikisiko uliochongwa katika mfuo na ule utokao kwa nyayo za apitaye sebuleni, yote huipeleka kwenye spika, nazo spika huitikisa sakafu, sakafu nayo ikairudishia sindano, hata sauti nzito ikajizidisha ikawa mngurumo. Hapo kizuizi cha mtetemo kina haki yake.

Walakini kizuizi hakifanyi kazi kwa kadiri ya thamani yake, bali kwa kadiri ya ulaini wa kamani zake. Chombo kilichowekwa juu ya kamani zinazodidimia sentimita 1 kwa uzito wake, kikiguswa, hupanda na kushuka takriban mara 5 kwa sekunde; kamani zikididimia sentimita 4, nusu ya hapo. Mtetemo uzidio kasi hiyo kwa mara moja na nusu hivi hupunguzwa, na kadiri uzidivyo ndivyo ufifiavyo. Illa ule unaolingana nayo hukuzwa. Na ole wake atakayenunua rafu inayosukasuka baina ya mara 8 na 12 kwa sekunde, kwani huo aghalabu ndio mwendo wa asili wa mkono wenyewe wa sindano. Basi kipande cha mpira mgumu kisichobonyea hata nusu milimita, japo kimetiwa katika kasha la mahameli, hakiwezi kuzizuia nyayo za watu kwa kuzidishiwa bei.

Mwaka 1961 kampuni ya Mmarekani Edgar Villchur, Acoustic Research, ilitoa kinanda cha santuri ambacho sahani na mkono wake vilikaa juu ya fremu moja iliyoshikwa na kamani tatu, nacho kiliuzwa kwa chini ya dola 100; na mashine za fahari zilizokuja baadaye, Linn Sondek LP12 ya Scotland ikiwa mojawapo, zilifuata njia iyo hiyo.

Amplifaya ya transista haimo katika hesabu hii, na mimi siafiki hata kidogo mtu kuuziwa miguu ya thamani ya kuiwekea chini. Ya vali ina udhuru, maana vyuma vya ndani ya kioo vikitikiswa hulia.

Mwenye shaka na apunguze sauti, aishushe sindano juu ya santuri iliyosimama, kisha aiongeze sauti polepole na kuigonga rafu kwa kidole: akisikia kishindo kwenye spika, kwanza aihamishie mashine kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani, hasa ikiwa sakafu yake ni ya mbao, kabla hajatoa fedha nyingine. Na kizuizi alichokwisha kukinunua, kishindo kikibaki vile vile, akirudishe dukani.