Flash: Chombo Kilichozama na Shehena Yake

Mafundi wa kurasa za intaneti wana ada ya ajabu: kila uchao huja na chombo kipya, wakakisifu kama bi harusi, kisha wakakitupa jaani. Yaliyoipata Flash yatosha kuwa kielelezo.

Programu hiyo ilitoka Marekani mwaka 1996 ikiitwa FutureSplash, ikanunuliwa na Macromedia, na mwaka 2005 ikaingia mikononi mwa Adobe. Zama hizo kurasa za HTML zilikuwa kavu, maandishi na picha zilizotulia tuli. Flash ikatia michoro inayocheza, sauti, na michezo ya watoto. Hata YouTube ilipoanza mwaka 2005 ilionyesha video zake kwa Flash. Nani asingevutiwa?

Lakini ufunguo wa nyumba ulikuwa kwa mtu mmoja. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alitoa waraka kueleza kwa nini Flash haingii katika iPhone: yanyonya betri, usalama wake dhaifu, na ni mali ya kampuni moja. (Na Apple nao, wallahi, si wakarimu wa milango!) Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia, na Januari 12, 2021 ikaizuia isicheze kabisa.

Kazi za zaidi ya miaka 20 zikafungiwa nje. Wako wanaoziopoa: tangu Novemba 2020 Internet Archive huzihifadhi na kuzichezesha kwa programu iitwayo Ruffle. Ama zile kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee pale CERN, za HTML tupu, zilizorudishwa mahali pake mwaka 2013, vivinjari vya leo vingali vyazisoma.