Redio, Sauti ya Mwanamke na Kinga dhidi ya VVU



Katika semina za UKIMWI tunazoendesha sharikani, kuna swali ambalo akina mama hutuuliza mara kwa mara, kwa kawaida baada ya kikao, wakati wa chai. Wametusikia tukihimiza uaminifu katika ndoa. Nao wanauliza: mama ambaye tayari ni mwaminifu, lakini hathubutu kumuuliza mume wake analala wapi, afanye nini? Swali hilo limetufanya tuitazame upya kazi ya redio.

Tatizo ni nini?

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022-2023 ulionyesha kuwa, kati ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi, asilimia 5.6 ya wanawake walikuwa wakiishi na VVU, na kwa wanaume ilikuwa asilimia 3.0. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na maumbile. Sehemu nyingine inatokana na mfumo dume: binti anayeozwa mapema kwa mwanaume aliyemzidi sana umri, mke asiye na kipato chake, mjane anayenyang'anywa shamba. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na elimu yote ya VVU na bado asiweze kuitumia.

Somo la "Twende na Wakati"

Wengi wetu tunaukumbuka mchezo huu, ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na wanawake kila kituo, akaishia kuambukizwa. Mke wake Tunu alianza akiwa mtu asiye na sauti. Polepole alibadilika, akaachana na mwenendo ule wa mumewe na kujitegemea kwa biashara yake ndogo. Msikilizaji hakuhubiriwa, alimfuata Tunu wiki hadi wiki, akaona hatua zake na gharama yake. Jina la Mkwaju likaingia mitaani, likawa la kumkemea mwanaume mhuni.

Kati ya 1993 na 1995 mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo, ili watafiti walinganishe. Waliona kuwa wasikilizaji walipunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Takwimu za mpango wa taifa wa kudhibiti UKIMWI zilionyesha kuwa, katika mwaka wa kwanza, usambazaji wa kondomu uliongezeka kwa asilimia 153 mahali mchezo uliposikika, na asilimia 16 Dodoma.

Tunajua neno kondomu huleta mvutano katika vikao vyetu. Lakini hata wanaolipinga wakubali jambo moja: mke asiyeruhusiwa kuzungumza na mumewe hawezi kumdai uaminifu, wala kumwomba waende pamoja kupima. Sauti inatangulia kila kinga.

Redio peke yake haitoshi

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili. Siri yake ilikuwa vikundi. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili wakiongozwa na kiongozi aliyefundishwa, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Afrika Kusini nako, mwaka 1999 mfululizo wa "Soul City" ulishughulikia ukatili wa majumbani. Ulionyesha majirani wakigonga masufuria nje ya nyumba ya mume anayempiga mkewe, na baadhi ya jamii zikafanya vivyo hivyo. Waandaaji walikuwa wameshirikiana na mtandao wa kupinga ukatili na kuweka simu ya msaada, ili anayeguswa na mchezo apate pa kwenda.

Ushauri wetu kwa kamati za sharika

1. Anzisheni kikundi cha kusikiliza, wanaume wakiwamo. Akina mama wapewe pia muda wa kuzungumza peke yao kwanza. Mbele ya waume wengi hunyamaza.

2. Chagueni kiongozi anayejua kuuliza na kutunza siri. Cheo cha mzee wa kanisa pekee hakitoshi.

3. Kabla ya kikao cha kwanza, jueni kituo cha kupima kilipo, dawati la jinsia la polisi lilipo, na nani atamsindikiza anayehitaji msaada. Mama akifungua moyo wake kisha akaachwa arudi nyumbani peke yake, tumemwongezea hatari.

4. Msitumie hofu ya kifo. Tangu 2004 dawa za ARV zilianza kutolewa bure nchini, na anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hadithi za leo zionyeshe hilo.

Kwa wafadhili wetu

Ni rahisi kulipia dakika za redio na kuhesabu wasikilizaji. Tunawaomba mtusaidie pia kulipia yanayofuata redio ikizimwa: mafunzo ya viongozi wa vikundi, nauli ya msindikizaji, mtaji mdogo wa kina Tunu wa sharika zetu. Nasi katika taarifa zetu tusiishie kuandika waliosikia ni wangapi. Tuandike pia wenzi wangapi walikwenda kupima pamoja, na akina mama wangapi wamepata kipato chao.

Yule mama wa wakati wa chai bado anasubiri jibu. Tusimrudishie mahubiri ya uaminifu alio nao tayari.