Je, Wajua? Samoni wa Kizimbani na Ndugu Yake wa Mtoni

Je, wajua kwamba samoni huzaliwa mtoni, kwenye maji yasiyo na chumvi, akashuka baharini kunenepa, kisha akarudi kutaga mayai katika mto uleule alikozaliwa? Njia ya mwisho huitambua kwa kunusa. Kwa sababu hiyo kila mto una ukoo wake wa samoni. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Ufugaji wake wa kisasa ni wa juzi tu. Mwaka 1970 ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt, katika kisiwa cha Hitra, Norwei, walitia samoni wachanga kwenye kizimba cha nyavu kinachoelea. Leo Norwei inaongoza dunia nzima na huvuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Chile ni ya pili, nayo haikuwa na samoni hata mmoja wa asili. Wote waliletwa.

Je, wajua kizimba kimoja cha Norwei kinaruhusiwa kubeba hadi samoni 200,000? Ukijumlisha vizimba vyote vya nchi hiyo unapata samaki zaidi ya milioni 400. Samoni mwitu wanaorudi kwenye mito ya Norwei kila mwaka hawafiki hata nusu milioni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipita milioni moja. Vizimba si mkosaji pekee: bahari imepata joto na mito imewekewa mabwawa. Hata hivyo, wanasayansi wanaoishauri serikali ya Norwei wamekuwa wakitaja chawa na samaki watoro wa vizimbani miongoni mwa maadui wakubwa kabisa wa samoni mwitu.

Chawa? Ndiyo, chawa wa baharini. Jike aliyekomaa anafika urefu wa sentimita moja, na chakula chake ni ute, ngozi na damu ya samoni. Ni mdudu wa siku nyingi, na zamani hakuwa tishio. Samoni mkubwa alimbeba kutoka baharini, akaingia mtoni, na maji yasiyo na chumvi yakamuua chawa. Watoto wa samoni waliposhuka baharini majira ya kuchipua, pwani ilikuwa karibu tupu: wenyeji wachache wa kuwabeba chawa, chawa wachache. Kizimba kimevunja utaratibu huo. Sasa mamia ya maelfu ya wenyeji wako pwani mwaka mzima, na mtoto wa samoni mwenye gramu 20 anapita mlangoni mwao akielekea bahari kuu. Chawa kumi hivi wanatosha kumuua.

Je, wajua Norwei ina taa za barabarani za samaki? Tangu 2017 pwani yake imegawanywa katika kanda 13. Chawa wakikadiriwa kuua zaidi ya 30% ya watoto wa samoni mwitu katika kanda fulani, kanda hiyo huwashiwa nyekundu na wafugaji wanaweza kuamriwa kupunguza uzalishaji kwa 6%. Chini ya 10% ni kijani, ruhusa ya kuongeza. Kwa maneno mengine, sheria inakubali mtoto mmoja kati ya kumi afe hivi hivi, na bado taa haijageuka rangi. Mimi naiona hesabu hiyo ngumu kumeza.

Dawa nyingi hazimtikisi tena chawa, amezizoea. Hivyo samoni, mkazi wa bahari za baridi, hupitishwa kwenye maji ya moto ya nyuzijoto 28 hadi 34 ili chawa waachie. Samaki wengine wadogo huwekwa vizimbani kwa makumi ya mamilioni ili wadonoe chawa, na wengi wao hufia kazini. Mwaka 2023 samoni wa kufugwa wapatao milioni 63 walikufa katika bahari ya Norwei kabla ya kuvunwa, karibu mmoja kati ya sita.

Tuwape wafugaji haki yao pia. Mwaka 1987 wafugaji wa Norwei walitumia karibu tani 50 za antibayotiki. Leo, baada ya chanjo, hawafiki tani moja. Chile bado inahesabu mamia ya tani.

Je, wajua kupatwa kwa jua kuliwahi kusingiziwa kufungulia samaki? Agosti 2017 vizimba vya kampuni ya Cooke viliporomoka karibu na kisiwa cha Cypress, jimbo la Washington, Marekani. Kampuni ikalaumu maji kujaa kupita kiasi kwa sababu ya kupatwa kwa jua. Wachunguzi wa jimbo wakasema hapana: nyavu hazikusafishwa, zikaelemewa na kome na uchafu mwingine wa baharini. Kampuni ilisema walitoroka 160,000. Wachunguzi wakahesabu kati ya 243,000 na 263,000. Wavuvi wa taifa la Lummi waliingia baharini kuwasaka samoni wa Atlantiki waliozagaa katika maji ya Pasifiki.

Na mtoro akifika mtoni? Huoa. Samoni wa kizimbani amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili akue haraka, si ili akwepe maadui. Utafiti wa Burrishoole, Ireland, uliochapishwa 2003, ulionyesha kuwa katika maisha yote mafanikio ya uzao wake yalikuwa 2% tu ya yale ya samoni mwitu. Machotara nao wako katikati, hawafikii wa mwitu. Ndio ule ukoo wa kila mto unaochakachuliwa: takriban theluthi mbili ya koo zilizopimwa Norwei zimeonyesha dalili za damu ya kizimbani. Iceland, samoni wapatao 3,500 walipotoroka mwaka 2023, waliletwa wazamiaji kutoka Norwei wakaingia mitoni na bunduki za mishale kuwasaka mmoja mmoja. Mwanamuziki Björk akatoa wimbo kuchangia kesi dhidi ya vizimba.

Chakula nacho kina safari yake. Samaki wadogo wa jamii ya dagaa papa huvuliwa Senegali, Gambia na Mauritania, hukamuliwa mafuta na kusagwa unga kulisha samaki wa kufugwa ng'ambo. Akina mama waliokuwa wakiwakausha na kuwauza sokoni hushindana bei na kiwanda.

Tierra del Fuego, Argentina, ilipiga marufuku vizimba vya samoni mwaka 2021. Kanada imetangaza kuviondoa vya nyavu wazi British Columbia ifikapo Juni 30, 2029. Alaska imekataa kufuga samaki kibiashara tangu 1990. Kwa hiyo ukikuta samoni dukani Nairobi au Dar es Salaam, soma maandishi: aliyeandikwa Alaska hakulelewa kizimbani mpaka kuvunwa, na aliyeandikwa Atlantic ni karibu hakika wa kizimbani.